Nyumba moja, wasomaji watano: tuanze na fantasia ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Ilazo, Dodoma. Nyumbani tuko watano na kila mtu ana lake. Mume wangu ni mpima ardhi, anapenda hadithi za upelelezi na hataki jambo lisilo na maelezo. Binti yetu yuko kidato cha pili, amemaliza Harry Potter zote saba kwa kuazima na sasa anasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Mama mkwe ametoka Kondoa, ni mtu wa dini, na akisikia neno uchawi anasema “zima hiyo”, lakini umeme ukikatika yeye ndiye anayetusimulia hadithi mpaka tunasahau kulala. Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anasema fantasia, yaani hadithi za maajabu, ni mambo ya watoto, yeye ni siasa tu. Mimi mwenyewe usiku nasikiliza simulizi za majini kwenye simu, ila nimeanza kuzichoka, zote zinafanana. Nataka tununue kitabu kimoja cha fantasia tukisome wote. Kipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila nikilirudia naona sehemu kubwa ya jibu umeiandika wewe mwenyewe. Hukuniambia nani nyumbani anapenda majoka na nani anapenda malaika. Umeniambia kila mmoja anashikwa na nini. Hapo ndipo pa kuanzia, na wengi wanaochagulia wenzao vitabu hawafiki hapo.

Kosa lililozoeleka ni kuchagua fantasia kwa kuangalia kiumbe kilichomo ndani. Huyu anapenda majini, basi mpe cha majini. Nami nimelifanya kosa la namna hiyo. Miaka ile nikihudumu maktaba alikuja kijana akaomba “kitabu cha maajabu”. Nikampa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kwa sababu mimi naipenda mno. Ni kitabu chembamba, kila ukurasa una maajabu, lakini ni maajabu ya mtu anayetafuta maana ya kuwepo kwake. Humo hakuna safari unayoweza kuichora kwenye karatasi. Alikirudisha siku ya pili yake akasema hakuna kinachotokea. Yule kijana alitaka mbio, kuvuka mito, kupigana na kushinda. Sikumwona tena kwenye rafu ile, na mpaka leo linaniuma, kwa kuwa vya kumfaa vilikuwepo pale pale.

Tangu hapo nina swali moja ninalowauliza watu kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu: filamu uliyoiona mara ya mwisho ukaipenda, nisimulie. Kisha nasikiliza anaanzia wapi. Kuna anayeanza na mbinu: “walichimba handaki chini ya benki…” Kuna anayeanza na dhuluma: “kulikuwa na mkubwa mmoja mwonevu…” Mwingine anaanza na moyo wa mtu, mwingine na mahali, mwingine na kile kilichomtisha. Anapoanzia ndipo njaa yake ilipo. Fantasia ina chakula cha kila njaa, ila sahani si moja.

Niruhusu nianze na mama mkwe, maana ndiye atakayeamua kama vitabu hivi vitakaa sebuleni au vitafichwa chumbani. Usimchukulie kama mtu wa kubembelezwa aache ushamba. Msomaji wa Uingereza anapofungua kitabu cha mvulana mwenye fimbo ya miujiza, anajua hakuna jirani atakayeburutwa kwa ajili ya fimbo ile. Kwetu neno uchawi lina damu. Vikongwe wameuawa katika nchi hii kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe uliletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwanamke wa umri wake akisema “zima hiyo”, analijua neno hilo kuliko sisi tunaolichezea.

Kwa watu kama yeye natenga mafungu mawili. Kuna hadithi ambamo ajabu inakaa mbali, kwenye falme zisizo katika ramani, na kazi yake ni kumpima mtu kama ni mwema au mwovu. Na kuna hadithi ambamo ajabu inakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Inaroga, inarithishwa, inalipiza. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung’ong’o, ya mwaka 1977, ambamo kijana anarithishwa uchawi wa baba yake, iko karibu na fungu hili la pili. Ni riwaya nzito na nzuri, na wala si fantasia kwa maana kamili, kwa sababu mwandishi anaeleza maisha kama watu wanavyoyaamini. Huyo mama usimpe.

Mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Mtawala mwema ana nyani wawili, na kila usiku anawachapa huku analia, kisha anawalisha. Nyani hao ni ndugu zake wa damu. Tayari unataka kujua kwa nini, sivyo? Majina yao ni Hasidi na Mwivu, kwa hiyo unajua mapema walichofanya. Kinachokuvuta ni namna walivyokifanya, na kama aliyedhulumiwa ataweza kusamehe. Majini wamo, lakini ni majini wa hadithi za kale, wenye ahadi zao na adabu zao. Mtu wa dini hatakwazika. Kuna jambo la ziada pia: Kiswahili cha kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya sikio. Sentensi zake zina mizani, zinapumua. Usimpe mama akisome peke yake na miwani yake. Msomeeni.

Akikipenda, kuna Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, ila pitia kila hadithi wewe kwanza kabla ya kuisoma mbele ya watoto, kwa kuwa nyingine ni za watu wazima. Na kuna Utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Shujaa hashindwi kwa upanga wala kwa mshale. Anachomwa sindano ya shaba kitovuni, na mwenye kuishika sindano ni mwanawe mwenyewe. Ukishafika hapo, nyamaza kidogo umwache mama aseme. Watu wanaojua kusimulia wana maneno mengi ya kusema kuhusu mtoto yule.

Sasa mdogo wako wa UDOM. Usibishane naye kama fantasia ni ya watoto au la. Mwekee Kusadikika mezani. Ni ya Shaaban Robert huyo huyo, mwaka 1951. Inawezekana aliipitia shuleni akijibia mtihani, na kusoma kwa ajili ya mtihani ni tofauti kabisa na kusoma. Mwambie airudie akiwa na swali moja: mtu aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni, akiwa na mengi ya kusema juu ya haki, kwa nini aliichukua nchi nzima akaitundika hewani? Karama, raia wa nchi hiyo, anashtakiwa kwa kutaka watu wajifunze sheria. Mshtaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa kwa nchi yao na malipo yao yakawa adhabu. Kijana anayependa siasa akikiweka chini kitabu hiki bila hasira, niandikie tena, maana nitakuwa nimemwelewa vibaya.

Baada ya hapo yuko tayari kwa mlima. Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika kwa Kikuyu riwaya ya Mũrogi wa Kagogo, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza; tafsiri ilitoka mwaka 2006 kwa jina la Wizard of the Crow. Ina kurasa zaidi ya mia saba. Kuna nchi iitwayo Aburĩria, ambayo watu wa mtawala wake wanataka kumjengea mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya dunia. Kuna pia kijana mwenye shahada, amezunguka na vyeti vyake bila kupata kazi, na usiku mmoja anaandika kibao cha uganga ili tu kuwatisha polisi. Kesho yake wateja wanapanga foleni, na wa kwanza ni polisi mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hahitaji kuelezwa kwa nini kisa hicho kinauma. Akisema kurasa ni nyingi, mwanzishie Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambayo ni fupi na ni ya Kiswahili. Alitamke jina hilo polepole, wale ni sisi, na ataona mwandishi anampeleka wapi.

Mumeo ananikumbusha wasomaji wengi wa kazi kama yake: wahasibu, mafundi umeme, maafisa ugavi. Wanadhani hawapendi fantasia, kumbe wanachokataa ni fantasia isiyo na mipaka, ile ambamo shujaa akibanwa anapata ghafla nguvu ambayo hatukuambiwa anayo. Wana haki. Mpima ardhi hawezi kuheshimu kiwanja ambacho bikoni zake, zile alama za mipaka, zinahama kila mwandishi anapotaka.

Kwake nina daraja na ng’ambo. Daraja ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Wengi wanaiweka kwenye rafu ya mizimu kwa sababu ya jina. Ukweli ni kwamba ni hadithi ya upelelezi: mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, akikataa kuogopa kile ambacho kila mtu anakiogopa, akitafuta mkono wa binadamu nyuma yake. Hiyo si fantasia, lakini itamzoesha mumeo kukaa na mzimu ukurasa mmoja bila kufunga kitabu. Ng’ambo ni Mistborn ya Brandon Sanderson, ya mwaka 2006, kwa Kiingereza chepesi. Humo mwenye kipaji anameza vipande vya madini na kuvichoma tumboni, na kila madini yana kazi yake moja: yapo yanayovuta chuma, yapo yanayokisukuma, yapo yanayoongeza nguvu ya mwili. Yakiisha tumboni, nguvu imeisha. Sheria unapewa mapema, kisha unaangalia kundi la wezi likipanga kuiangusha dola kwa kutumia sheria hizo hizo. Kwa mtu wa hesabu ni raha tupu. Ni cha kwanza kati ya vitatu, na kinasimama chenyewe hata asipoendelea.

Kwa binti ndiko nilikofikiri zaidi, kwa kuwa umri ule ndio unaoamua kama mtu atakuwa msomaji maisha yake yote. Amezoea shule ya siri na marafiki wanaojifunza pamoja. Usimtoe hapo ghafla. Mtafutie Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Sunny ni msichana wa miaka 12, amezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, wamerudi kwao, na yeye ana ualbino. Anagundua kuwa ana nafasi katika jamii ya siri ambamo kila unapojifunza jambo jipya kwa dhati, fedha zinadondoka kutoka hewani miguuni pako. Kiasi kinategemea uzito wa ulichojifunza. Sijui mtoto wa kidato cha pili ambaye hatatabasamu akifika hapo.

Kuhusu ualbino sitaki nipite haraka. Tanzania imeona watu wenye ualbino wakiwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Binti yako amesikia hayo, au ameketi darasani na mwenzake anayevaa kofia pana na kukaa dawati la mbele ili aone ubao. Katika kitabu hiki msichana huyo si wa kuhurumiwa wala si kiungo cha dawa ya mtu. Ndiye anayefungua mlango. Kisomeni wawili, wewe na yeye, na mkifika mwisho vipo viwili vinavyoendelea, Akata Warrior na Akata Woman.

Akimaliza, mpandishe daraja kwa A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968. Ni nyembamba kuliko Harry Potter yoyote, na shule ya wachawi imo pia, imeandikwa karibu miaka 30 kabla. Kijana Ged, mwenye ngozi ya kahawia, anafanya jambo kwa majivuno mbele ya wenzake na kufungulia kivuli kinachomwinda. Nguvu huko inatokana na kulijua jina la kweli la kila kitu. Mtoto aliyekulia kwenye ukoo ambamo mtu ana jina la nyumbani, jina la shuleni na jina la babu hatapata shida kuelewa kwa nini jina lina uzito. Kiingereza chake ni kizito kidogo, kwa hiyo kisiwe cha kwanza.

Na wewe, dada. Umesema simulizi za majini zimeanza kufanana. Nazijua: mwanamke mzuri barabarani usiku, lifti, kwato. Woga wake ni wa kweli ila umezoeleka, kama pilipili ya kila siku. Tafuta The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola wa Nigeria, ya mwaka 1952. Mlevi wa mnazi amefiwa na mgema wake, na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kumgemea, anamfuata hadi mji wa wafu. Njiani tunasimuliwa msichana aliyemfuata bwana mmoja mtanashati kutoka sokoni. Kumbe bwana yule viungo vyote ameazima, na akiwa njiani kurudi kwao anavirudisha kimoja kimoja kwa wenyewe, anawalipa kodi, miguu hapa, mikono pale, mpaka linabaki fuvu linaloruka. Ni yule yule zimwi wa ngano zetu aliyemposa msichana mwenye kuchagua sana, lakini kwa namna ambayo simu yako haijakusimulia. Kiingereza cha Tutuola kimepinda kama kauli ya mzee anayesimulia. Kiache kipinde hivyo hivyo. Ukitaka cha Kiswahili, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001: mkubwa aliyeneemeka na madaraka anarudiwa na marehemu babu yake, na babu hakuja kusalimia.

Watu watakutajia wengine. J. R. R. Tolkien ni nguzo, lakini anzeni na The Hobbit ya 1937 ambayo inasomeka hata kwa kusimuliana, na zile juzuu tatu kubwa za The Lord of the Rings zisubiri. George R. R. Martin ni fundi, ila mfululizo wake una vitabu vitano na cha tano kilitoka 2011 bila hadithi kumalizika, halafu umejaa mambo ambayo hutataka binti ayasome sasa.

Rudi kwenye swali lenyewe: kitabu kimoja. Kama pesa ya mwezi huu inatosha kimoja tu, nunua Adili na Nduguze. Ndicho pekee kati ya vyote hivi ambacho watu wako watano wanaweza kukisikiliza chumba kimoja, kila mmoja akashikwa na kipande chake: mama na msamaha, mdogo wako na utawala, mumeo na fumbo la nyani, binti na majini, wewe na ule usiku wa viboko. Kusadikika kaiulizie Maktaba ya Mkoa pale mjini, maana vitabu vya Shaaban Robert vinapatikana maktaba kwa urahisi kuliko vya wageni. Vya Kiingereza viulizie kwa wauza vitabu vya mtumba, ukiwa na jina la mwandishi limeandikwa kwenye karatasi, na kabla ya kulipa geuza jalada uone kama si juzuu ya tatu. Nimeshaona watoto wengi wakianza mfululizo katikati na kuapa hawana akili ya kusoma.

Jambo la mwisho ni la mama mkwe tena. Kwao Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, kuna michoro ya watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na watu wa pale bado wanayaheshimu baadhi ya mapango hayo. Umesema umeme ukikatika anasimulia. Jioni mtakayomaliza sura ya kwanza ya Adili, mwombeni na yeye atoe ya kwake. Muulize kama anaridhia, kisha washa simu hiyo hiyo ya majini urekodi, na binti aandike kesho yake. Mathias Mnyampala, mtu wa hapa hapa Dodoma, aliandika mila za Wagogo mwaka 1954, na mwaka 1961 akatoa Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Za Warangi anazozijua mama yenu, kwa sasa ziko kichwani mwake tu.